Goti la Heshima

Mbotela, Nairobi
11 Februari 1979

Kwa mkwe wangu Tobias Wekulo,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, isipokuwa hayo nitakayoeleza. Najua utashangaa kupata barua yenye stempu kutoka Mbotela hadi Jericho, mahali mtu anapofika kwa miguu kabla chai haijapoa. Lakini wewe ni mume wa binti yangu, na kwetu Bungoma mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso wala hawapeani mkono. Juzi nilikuona ukija na Jogoo Road, nikajitupa dukani kwa Jimale nikaulizia bei ya chumvi hadi ukapita. Chumvi ninayo ya mwezi mzima. Barua haina macho, ndiyo maana nimeandika.

Nerima angekuwa hapa ningemwambia yeye, lakini serikali imempeleka kufundisha Kimilili. Aliniambia kazi yako hospitalini ni kunyoosha watu: waliopooza, waliovunjika, na wale ambao viungo vyao vimewagomea. Mimi nina goti. La kushoto. Linauma tangu Novemba, na nikiamka natembea nikishika ukuta mpaka jua liwe juu ndipo mguu ukubali. Unajua kazi yangu ni kupiga deki kwenye ukumbi wa kanju, huu wa baraza la jiji, Kaloleni. Ukumbi ni mkubwa na watu huja kucheza densi na viatu vya matope. Nikishindwa, karani atampa mwingine ndoo yangu siku hiyo hiyo.

Usiniambie nije hospitali. Nasikia chumba cha mazoezi ni kimoja, na mwenye chumba ni wewe. Niandikie tu la kufanya.

Ni mimi mama yako,
Robai Nasike


Jericho, Nairobi
14 Februari 1979

Mama,

Salamu za heshima. Nimeisoma barua yako mara tatu, na nimefurahi kwamba umeniona mtu wa kuulizwa.

Goti la wapiga deki nalijua. Kila wiki napokea akina mama watatu wanne wenye goti hilo. Mtu akipiga magoti juu ya saruji miaka tisa, goti linakasirika. Likikasirika, mtu anauogopa mguu. Akiuogopa, nyama za paja zinalegea na goti linabaki bila mlinzi. Kwa hivyo kazi yetu ni kumrudisha mlinzi.

Asubuhi weka taulo la maji ya moto gotini hadi lipoe. Halafu keti kitini, nyoosha mguu wa kushoto mbele yako, hesabu hadi kumi, ushushe. Fanya mara kumi. Kisha lala chali, uinue mguu ukiwa umenyooka, shubiri moja juu ya kitanda, ushushe polepole. Baada ya wiki moja shona kifuko, utie mchanga wa kilo mbili, uufunge kwenye kifundo cha mguu na uendelee hivyo hivyo. Utauma kidogo. Maumivu ya mazoezi si adui.

Niambie pia kama goti limevimba, na kama lina joto ukiligusa.

Mwanao katika heshima,
Tobias


Jericho, Nairobi
15 Februari 1979

Mke wangu Nerima,

Natumaini darasa lako la watoto sabini halijakumaliza. Hapa ni kazi tu na kujipikia vibaya.

Mama yako ameniandikia kuhusu goti, nami nimemjibu kama bingwa. Lakini kuna jambo linanikera tangu jana. Mwalimu wetu chuoni alikuwa akigonga meza akisema: goti likilia, piga hodi nyongani. Nyonga na goti hupashana habari kwa mshipa mmoja. Nyonga inaweza kuwa inaoza kimya, na goti lisilo na hatia ndilo linalopiga kelele. Ndiyo sababu kila mgonjwa wa goti namlaza chali, namkunja paja kuelekea tumboni, nauzungusha mguu ndani na nje. Ni dakika mbili.

Kwa mama yako sikuuliza hata kwa wino. Niliandika "nyonga", nikaichana karatasi nikaanza upya. Ni mimi yule niliyewacheka wazee wenu kwa mambo ya haya, na sasa neno moja limenishinda. Niambie wewe, nimuulize?

Wako,
Tobias


Kimilili
24 Februari 1979

Mpenzi Tobias,

Usimwandikie neno hilo. Nakuomba. Mama alilelewa na watu ambao nyonga, paja na kinena kwao ni kitu kimoja, nacho hakitajwi. Ukimwuliza, ataona mkwe wake amemvua nguo kwa kalamu. Hatakuandikia tena, na mimi hatanitazama machoni.

Na kama kweli unataka kumpima, dawa unaijua. Tumeoana miaka sita, na kila nikienda nyumbani baba zangu wadogo wananiuliza blanketi la mama liko wapi. Mkwe huleta blanketi, mama mkwe hutoa kuku, wanapeana mkono, haya inaisha. Wewe ulisema ni ushamba. Tukanunua redio. Haya, redio tunayo.

Aprili tuna semina ya walimu. Nitakuja Agosti nimtazame mwenyewe. Goti haliui mtu.

Wako,
Nerima


Mbotela
18 Machi 1979

Mkwe wangu,

Barua yako naiweka ndani ya Biblia, na nafanya kama ilivyosema. Uliandika kumi, mimi nafanya ishirini. Wacuka, jirani yangu anayeuza sukuma hapa mlangoni, hunicheka akiniona nimelala na mguu hewani. Anasema nimezeekea kuwa mwanajeshi. Kifuko cha mchanga nilikishona kwa kitambaa cha shati la marehemu.

Umeuliza kama goti limevimba. Halijavimba. Joto pia halina. Ukilitazama utasema ni goti la msichana. Lakini likiamka, mkwe wangu, mimi pia naamka. Jasho hunitoka mpaka shuka naianika asubuhi, na Nerima akiniona sasa atasema nimevaa sketi ya mtu mwingine. Hayo ni ya uzee tu, nimeyataja kwa kuwa uliniuliza.

Karani amenitazama mara mbili nikibeba ndoo. Bado hajasema kitu.

Ni mimi,
Robai Nasike


Jericho
25 Machi 1979

Mama,

Asante kwa bidii yako. Habari ya jasho na sketi sikuipenda. Nimefikiri njia ambayo haitatuaibisha sote. Tunaye hapa kazini dada mmoja, Norah Adoyo, mama wa watoto wanne na mtu wa siri. Njoo Ijumaa tarehe 6, saa tatu. Yeye ndiye atakayekupima nyuma ya pazia, na mimi sitakuwa na habari ila ile atakayonipa.

Kuna swali moja dogo. Je, unaweza kuinama ukafunga kamba za kiatu cha kushoto bila taabu?

Mwanao,
Tobias


Mbotela
8 Aprili 1979

Mkwe wangu,

Usinikasirikie. Ijumaa sikuweza kuja, akina mama wa kanisa walikuwa na mkutano na mimi ndiye niliyeshika ufunguo. Mwambie huyo dada Adoyo asante, Mungu ambariki na watoto wake.

Tena hakuna haja ya kumsumbua. Goti limepata nafuu. Tangu Jumanne linanyamaza kabisa, na jasho limepungua. Kuhusu kamba za kiatu, mimi huvaa sandak ya plastiki, na sandak haina kamba.

Kama kuna zoezi jingine la kumalizia, nitumie.

Ni mimi,
Robai Nasike


Jericho
12 Aprili 1979

Mama,

Barua yako imenishusha mzigo. Dada Adoyo alikungoja hadi saa kumi, lakini amefurahi kusikia umepona. Nilikuwa nimeanza kuwaza mambo mabaya ambayo hayana haja ya kuandikwa.

Kwa kumalizia, ongeza mchanga uwe kilo nne. Na ukiwa ukumbini panda ngazi za jukwaa na kushuka mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, ukitanguliza mguu wa kushoto. Mvivu hapati goti jipya.

Mwanao mwenye furaha,
Tobias


Mbotela
3 Juni 1979

Bwana Tobias,

Mimi ni Wacuka, jirani wa Mama Nerima. Mimi sio mtu wa kuandika, na yeye hajui naandika, kwa hivyo usimwambie mpaka ukifika.

Mama ako vibaya. Ijumaa alianguka kwa ngazi ya hiyo jukwaa na ndoo yake, watu wakamleta hapa na mkokoteni. Hawezi kukanyaga. Na kuna kidonda imetoboka hapo juu ya paja, inatoa usaha, nabadilisha kitambaa mara tatu kwa siku.

Sasa nikwambie ukweli. Hiyo goti munaandikiana na yeye si goti. Kutoka mwaka jana mkono yake iko kwa kinena. Siku ya kwanza aliponisomea barua yake nikamwuliza, Mama, mbona unasema goti na unashika hapa juu? Akaniambia, Wacuka, kwa mkwe mtu husema goti. Mimi ni Mkikuyu, mambo zenu sizijui, nikanyamaza. Hapo nilikosa.

Ile Ijumaa ya hospitali alikuja. Mimi ndio nilimleta. Tulikaa kwa benchi kutoka saa mbili. Halafu wewe ukatokea mlangoni na koti nyeupe ukaita jina ya mtu mwingine. Mama akajifunika leso uso mzima, akatoka na mlango ya nyuma, na tulirudi Mbotela na miguu kwa sababu hakutaka kusimama kwa stendi ukamwona. Jioni akaniambia, nitamwandikia nimepona, asiniite tena.

Kiatu ya kushoto ni mimi namvalisha tangu mwezi ya tatu. Na hiyo mchanga ya kilo nne alikuwa anainua akiuma leso ndio watu wa nyumba hii wasisikie. Alikuwa anasema mkwe hawezi kunidanganya, amesoma.

Kuja. Kama haya inakushinda tuma ambulensi, lakini kuja.

Wacuka


Jericho
6 Juni 1979

Nerima,

Nimemshika mama yako.

Nilienda na machela na watu wawili. Aliposikia sauti yangu mlangoni alifunika uso, akageukia ukuta. Nami sikumsemesha yeye, niliusemesha ukuta. Nikasema, Mama nisamehe, naingia. Tulipofika hospitalini Adoyo alikuwa amekwenda nyumbani, na daktari alitaka kujua hali ya kiungo mara moja. Kwa hivyo nilipima mimi. Dakika mbili, kama nilivyokuandikia. Mguu wa kushoto ni mfupi kwa upana wa vidole vitatu. Umejikunja, na nyonga haizunguki ndani wala nje. Goti nililipima pia. Halina kasoro.

Ni TB ya mfupa. Picha inaonyesha kichwa cha mfupa wa paja kimelika kama gunzi lililotafunwa na panya. Daktari aliniuliza ni nani aliyekuwa akimtibu, nikasema ni mimi. Akauliza ni tiba gani, nikamweleza. Akasema kiungo chenye TB hulazwa kipumzike, wewe umekitundikia mchanga na kukipandisha ngazi. Kwa dawa peke yake, mwezi wa pili, huenda tungekiokoa. Hayo alisema mbele ya wanafunzi, na alikuwa na haki.

Nina hasira, Nerima, na sina wa kumkasirikia. Aliniambia goti halijavimba wala halina joto. Aliniambia jasho. Aliniambia sketi. Aliandika kila kitu isipokuwa neno moja, na neno hilo nilikuwa nalo mimi tangu Februari.

Alikuwa anatetemeka, nikamfunika blanketi la wodi, lile la kijivu lenye mhuri wa serikali. Ndilo blanketi la kwanza alilopata kutoka kwangu.

Tobias


Kimilili
14 Juni 1979

Tobias,

Barua yako ya Februari bado ninayo. Uliniuliza kama umwulize, na nikasema usimwulize. Niliandika pia kwamba goti haliui mtu. Nimeisoma tena, yako na nakala ya yangu ninayoikumbuka kichwani, na nimelia mbele ya watoto wa darasa la tatu.

Sitakulaumu kwa jambo nililolifanya pia. Lakini usitazamie niandike sana kwa sasa, maana nikishika kalamu naona mkono wangu.

Nunua blanketi. La sufu. Mpelekee akiwa bado anaweza kulipokea.

Nerima


Jericho
2 Machi 1980

Mama,

Leo ni wiki tatu tangu utoke hospitalini, na Wacuka ananiambia unazunguka ua wote kwa magongo. Kama tulivyokueleza, upasuaji uliunganisha mfupa wa paja na wa nyonga viwe kitu kimoja. Hautauma tena kama zamani, lakini hapo hapatakunjika tena. Kisigino cha kiatu cha kushoto fundi ameniahidi Alhamisi. Nimemwambia aongeze vidole vitatu.

Endelea kumeza vidonge, usikose hata siku moja, hata ukijiona mzima.

Sasa naomba uniandikie bila kunificha, maana haya tuliimaliza pale wodini. Unaweza kuketi? Unaweza kupanda kitanda peke yako? Unaweza kupiga goti?

Mwanao,
Tobias


Mbotela
9 Machi 1980

Mwanangu Tobias,

Umesema nisifiche, basi sifichi.

Nyonga. Ya kushoto. Ilianza Novemba mwaka juzi, nikadhani nimelala vibaya. Ikashuka gotini baadaye, kwa hivyo goti halikuwa uongo mtupu, lilikuwa uongo wenye mguu mmoja. Haya, nimeliandika neno lenyewe, na karatasi haikuungua. Laiti ningalijua kwamba ni jepesi hivi.

Bado nakumbuka siku ya blanketi. Wacuka alileta kuku ndani ya kikapu, akamficha chini ya kitanda changu, na mnyama yule akaamua kuimba wakati sista anapita. Wodi nzima ilicheka, hata yule mama wa plasta hadi shingoni. Ulipotoa mkono mimi nilitazama sakafu kwa mazoea. Mkono wako ulikuwa wa baridi. Nilikuwa nimekuogopa miaka sita, na kumbe nawe ulikuwa unaniogopa. Blanketi ni zuri, lina joto. Kuku sijui ulimfanyaje, na sitauliza.

Karani alimpa mwingine ndoo yangu Juni ile ile, sikupata hata barua. Chumba hiki nitakiacha mwisho wa mwezi. Nerima ameniambia nikakae naye Kimilili. Nitakwenda na gari la moshi, kwa kuwa kwenye basi mguu huu hauna pa kukaa, unanyooka mbele yangu na kila apitaye anauruka. Mwandikie mkeo. Anadhani umemkasirikia, nawe unadhani yeye amekukasirikia, na ninyi wawili mmejifunza ujinga huo kwangu.

Umeuliza kuketi. Naketi ukingoni mwa kiti kirefu, nusu nusu, kama mgeni asiyetaka kukaa. Kigoda siwezi, jikoni Wacuka ndiye anayeinama. Kitanda napanda kwa kujitupa.

Umeuliza kupiga goti. Siwezi. Kushuka sishuki, na nikishushwa sinyanyuki. Jumapili kanisani wenzangu wote wanapopiga magoti kuomba, mimi hubaki nimesimama nyuma na magongo yangu, na wasionijua wanageuka kunitazama wakidhani ni kiburi. Nimeosha ukumbi ule miaka tisa kwa magoti, na sasa Mungu namsemesha nikiwa wima kama askari wa kanju.

Goti lenyewe halina neno, mwanangu. Nalikunja, nalikunjua, linafanya yote uliyoniandikia. Goti langu ni zima. Lilikuwa zima tangu barua ya kwanza.

Ni mimi mama yako,
Robai Nasike